Mtu Anayekula Hajafa

Watu wa Kolhapur wakimkumbuka mke wangu Bhagirathi, wengi humkumbuka katika ile sinema ya mjane, isiyo na sauti, pale anapofutwa kunku, alama nyekundu ya pajini, kisha anainua macho na kutazama pembeni. Nimesoma mengi yaliyoandikwa juu ya macho yale. Mhariri mmoja wa Pune aliandika kwamba mwigizaji yule alikuwa akiutazama umilele. Mwingine alisema anaiona roho ya mumewe ikitoka nje. Nilizikata habari hizo nikazihifadhi, kwa kuwa mimi ni mtu ninayeheshimu maandishi. Niliyapata kwa taabu, katika shule ya usiku, nikiwa mtu mzima mwenye rangi chini ya kucha. Lakini waandishi hao walikosea wote wawili. Mimi nilikuwepo, na najua alikuwa akitazama nini.

Nilikuwa mchoraji wa mapazia katika kampuni ya michezo ya kuigiza. Nilichora misitu, majumba ya wafalme, na barabara moja yenye taa iliyotumika katika kila mchezo, uwe wa Delhi au wa mbinguni. Siku zile jukwaa letu lilikuwa la wanaume. Malkia alikuwa mwanamume, kijakazi alikuwa mwanamume, na binti anayemngojea mchumba dirishani alikuwa Anna Mirajkar, mtu wa makamo aliyenyoa ndevu mara mbili kwa siku na aliyejua kushika pindo la sari kuliko wake zetu wote. Waigizaji wetu waligombea kuwa mabinti. Hakuna aliyetaka kuwa mama. Sehemu za akina mama aliachiwa mpishi wa kampuni, mwenye sauti ya ng'ombe, na kila alipolia watu walicheka.

Ndipo akaja Bhagirathi kutoka Goa pamoja na mama yake, wote wawili wa ukoo wa waimbaji wa hekalu. Mwenye kampuni alimsikiliza akiimba, kisha akamtazama. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na uso wake ulikuwa na makovu ya ndui. Mwenye kampuni akasema binti mfalme hawezi kuwa na ndui, ila mama anaweza. Basi msichana mbichi kabisa akavishwa nywele nyeupe za katani, akawa mama wa Anna Mirajkar.

Anna hakuona wivu, maana hakuna aliyemnyang'anya dirisha lake. Yeye ndiye aliyemfundisha kutembea jukwaani. "Mama," alimwambia mbele yetu sote, "mwanao nina mvi za kweli, na wewe una za gunia. Angalau jikunje mgongo."

Alijikunja. Lakini yaliyobaki alijifunza mwenyewe. Asubuhi alikwenda sokoni, akakaa karibu na wauza mboga, akiwatazama wanawake wazee. Aliniambia kwamba mama akimpokea mwanawe aliyetoka safari hamtazami usoni kwanza. Hutazama shingo na mikono, aone kama amekonda. Alilifanya jambo hilo dogo jukwaani jioni moja, na upande wa wanawake, nyuma ya pazia za mianzi, pakawa kimya, halafu tukasikia mtu analia kwa kwikwi. Tangu siku hiyo mpishi alirudishwa jikoni.

Katika michezo yetu hapakukosekana mjane. Na kwetu, mke mwenye mume hujipaka kunku, ule unga mwekundu, katikati ya paji la uso kila asubuhi. Huvaa bangili za kioo za kijani na kidani cha shanga nyeusi. Mume akifa, vyote huondolewa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanamke mwenye mume haifuti kunku yake. Hata akioga, huirudisha kabla hajachana nywele. Kuifuta kwa hiari ni kuyaita mauti na kuyaonyesha mlango wa nyumba. Bhagirathi hakuwa na shida hiyo, kwa kuwa wanawake wa ukoo wake hawakuolewa. Alitoka mbele ya watu na paji tupu, na hakuna mwigizaji mwingine wa kike katika nchi yetu yote aliyeweza kuwa mjane kama yeye. Ule ndio ulikuwa mkate wake.

Nilimpenda muda mrefu kabla sijasema. Nilipomwambia, tulikuwa nyuma ya pazia la msitu, nami nilikuwa nimeshika brashi iliyokuwa ikinidondokea kijani kwenye miguu. Akasema, "Dhondu, jukwaani nimefiwa na waume wengi, na hakuna hata mmoja aliyeniuma, kwa sababu sikuwa na mtu. Nikiwa na wewe, nitafanyaje kazi?"

Nilikwenda nikafikiri. Nikachanganya unga mweupe wa zinki, udongo wa manjano na mafuta ya nazi, mpaka nikapata rangi ya ngozi yake hasa. Nikamwonyesha kwamba kunku inaweza kubaki pale pale ilipo, ikafunikwa tu juu. Kwa mwanga wa taa, mtu wa benchi la mbele asingeiona. Isingefutwa, ingelala. Alicheka, akasema hajawahi kusikia mwanamume akiposa kwa kopo la rangi.

Alibaki mama yangu. Mama alizaa wanne. Wawili wa kwanza walikufa kwa tauni, na mimi nilipozaliwa akaniita Dhondu, yaani jiwe, ili mauti yakipita mlangoni yaone jiwe yaende zao. Baadaye homa kubwa ya baada ya vita ilimchukua baba yangu na dada yangu mdogo katika juma moja. Nilibaki mimi, jiwe lake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye alama za sindano za rangi ya kijani kwenye mkono wa kulia kutoka kifundo hadi kiwiko, kama walivyofanyiwa wasichana wa vijijini zamani. Kwa miezi mingi alimwita Bhagirathi "huyo mwimbaji." Mwishowe alikubali kwa sharti moja: kunku isifutwe kamwe, hata kwa mchezo. Bhagirathi aliapa uani kwetu, akiwa ameushika mrehani mtakatifu kwa mikono miwili. Mama alimlisha kipande cha sukari guru, na tangu hapo akamwita mkwe.

Tuliishi hivyo vizuri. Kila jioni kabla ya kengele ya tatu, ile ya kuanza mchezo, nilimfunika kunku kwa kidole changu, na mchezo ukiisha nilimpangusa rangi kwa kitambaa chenye mafuta, taratibu, kama mtu anayefunua picha ya zamani. Nayo ilikuwa pale.

Kisha zikaja picha za sinema. Inamdar Sahibu, mtu mpole aliyeuza shamba la babu yake ili anunue mashine, alijenga ua wa kupigia picha nyuma ya mashamba ya miwa. Walipiga kwa mwanga wa jua, wakilirudisha jua usoni mwa watu kwa mbao zilizobandikwa karatasi ya fedha. Aliniita nichore kuta, na Bhagirathi alimwita awe mama. Lakini safari hii hadithi haikuwa ya binti mrembo na mama yake nyuma. Ilikuwa ya mama mwenyewe: mwanamke anafiwa na mume, anamlea mwanawe kwa kuwasagia watu unga. Na ile mashine, tofauti na benchi la nyuma, ilisogea mpaka karibu na uso.

"Dhondu," aliniambia tulipokuwa tukirudi nyumbani siku ya kwanza, "itaona hata ninavyomeza mate." Juma lile alikuwa akiichuja chai mara mbili bila kujijua. Sikuwahi kumwona hivyo. Kwa miaka yote aliyokwenda sokoni kutazama wazee, alikuwa amekusanya vitu vidogo ambavyo jukwaani hakuna aliyeviona. Sasa kilikuwa kimepatikana kitu cha kuviona.

Walianza na mjane kwenye jiwe la kusagia. Nilimfunika kunku kama kawaida. Picha ilipooshwa na kutazamwa, katikati ya paji la mjane palikuwa na tundu jeusi. Mashine ile haikuijua rangi nyekundu. Kila chekundu ilikifanya cheusi, na rangi yangu iliyowadanganya watu wa mji mzima haikuidanganya hata kidogo. Anna Mirajkar, aliyekuwa amepata sehemu ya mkopesha fedha na kuvaa masharubu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani, alitazama akasema, "Huyu si mjane. Huyu kapigwa risasi."

Nilijaribu kuipaka rangi nene zaidi, ikapasuka kwa jua. Kisha nikakumbuka kwamba bluu katika picha hutoka nyeupe, nikamshauri Bhagirathi abadilishe kunku yake kwa unga wa bluu kwa siku chache. Alinitazama kwa huruma. Akaniuliza kunku ya bluu ni ya mke wa nani.

Hata hivyo hilo lisingetosha. Inamdar Sahibu alituita wote wawili, akatueleza kwamba tendo lenyewe, kunku inapofutwa, lazima lionekane, kwa karibu, juani. Jukwaani tulilifanya nyuma ya pazia kwa kilio tu. Huku hakukuwa na nyuma ya pazia. Alikuwa na aibu akisema. "Bibi, mimi pia nina mke, nisingethubutu kumwomba. Nakuomba wewe kwa sababu sijaona mwingine. Lakini yuko mwimbaji mmoja mjini Miraj asiye na mume. Ukishindwa, niambie mapema nimwite yeye, na mimi sitakuwa na kinyongo."

Nyumbani nilimweleza mama, nikidhani elimu yangu itasaidia. Nilimwambia kunku ni manjano iliyochanganywa na chokaa ikawa nyekundu, tena hata sisi wenyewe tunaweza kuitengeneza jikoni. Alikuwa akigeuza mkate wa mtama kwenye kikaango. Hakunitazama.

"Na mtu ni nini? Si maji na udongo?" alisema. "Nilizaa wanne, Dhondu. Vitabu vyako vilikuwa wapi mwaka ule wa homa?"

Bhagirathi alitupakulia, akakaa, akala. Hakusema lolote la kumkera mama wala la kuniunga mimi mkono. Asubuhi alikwenda peke yake kwa Inamdar Sahibu akamwambia amwite yule wa Miraj. Alirudi akachagua mchele, akafua, akamkanda mama miguu. Mtu asiyemjua angesema hakuna kilichotokea. Mimi niliona amevaa sari yake ndani nje, akaivaa hivyo mpaka mchana.

Kesho yake rangi nyeupe iliniishia kazini, nikarudi mapema. Nilipofika mlango wa uani nikasimama, na makopo yangu mkononi. Bhagirathi alikuwa ameketi chini karibu na mrehani, akiwa amenipa ubavu. Alikuwa anainua mkono wake polepole kuelekea paji la uso, kisha anausimamisha kabla haujagusa. Anaushusha, anaanza tena. Na uso wake ulikuwa ukifanya kazi. Sijui kulieleza vizuri zaidi. Nimechora nyuso nyingi maishani, sijawahi kuchora ule.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na ungo wa dengu. Alikuwa amesimama pale kitambo.

"Si umekwisha mwambia Sahibu amwite yule wa Miraj?" mama akauliza.

Bhagirathi alishtuka, akashusha mkono. "Nimemwambia, Mama."

"Basi unamlilia nani?"

"Simlilii mtu. Nilitaka kujua ningelia vipi."

Mama aliuweka ungo chini. Alikaa kwenye kizingiti, akapanga pindo la sari yake nyeupe juu ya magoti, kama anayengoja mtu mwingine aseme. Ndipo akasema, "Unakosea. Hakuna mwanamke anayejifuta mwenyewe. Wewe huwezi kujua, mama yako hakuwa na mume. Wanakuja wengine. Mimi alinifuta wifi yangu. Kwa kiganja, haraka, kama mtu anayepangusa unga uliomwagika mekoni. Kisha akanishika mikono akagonga bangili zangu kwenye jiwe la kusagia. Na sikulia. Nilikuwa natazama mlango. Nilikuwa nangoja mtu aingie aseme wamekosea nyumba."

Sikuwahi kuyasikia hayo. Siku ile alipokufa baba nilikuwa nimelala na homa chumba cha pili, na tangu pale mama hakuwahi kuitaja.

Bhagirathi alimsogelea, akakaa chini ya kizingiti. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, akauliza kwa sauti ndogo, "Mlango ulikuwa upande gani, Mama?"

Mama alimkazia macho. Nilidhani atampiga. Badala yake alicheka, kicheko kikavu, cha puani. "Wewe huna haya. Hata msiba wangu unataka kuuazima."

"Nauazima, Mama. Nitaurudisha."

"Kaa nao," mama akasema. "Mimi sina kazi nao." Akamwekea mkono kichwani, akauacha pale. Nilirudi nyuma hatua chache, nikaingia tena kwa kishindo, nikilalamika kwa sauti juu ya rangi nyeupe.

Asubuhi iliyofuata mama alioga kabla ya sisi sote. Alifungua sanduku lake, akachimba mpaka chini, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa akakipachika kiunoni. Akaniagiza nitafute gari la farasi. Akamwambia Bhagirathi avae. Hakutueleza tunakwenda wapi mpaka tulipoiona miwa.

Inamdar Sahibu alikuja mbio akiwa ameunganisha viganja. Mama hakungoja salamu ziishe. "Mwambie huyo wa Miraj abaki Miraj," alisema. Kisha akaeleza masharti yake kama mtu anayepanga harusi. Kunku itafutwa, lakini kwa mkono wake yeye. Kiapo kilikuwa chake, yeye ndiye aliyekidai, na yeye ndiye anayekilegeza. "Mauti yana masikio," alisema, "lakini hayatamsikiliza mama akiyaitia mwanawe wa kumzaa. Yatadhani ni utani." Inamdar Sahibu alifurahi mno akataka mama aonekane mzima, awe wifi wa mjane. Mama akakataa. Uso wake haukuwa wa maonyesho. Watapata mkono, basi.

Kisha akanigeukia. "Dhondu, simama pale, pembeni mwa mashine, tukuone sote wawili. Umekuja na chakula?"

Nilikuwa na mkate wa mtama na kitunguu ndani ya kitambaa.

"Kula."

"Mama, sina njaa."

"Nani kakuuliza habari za njaa? Mtu anayekula hajafa. Kula, nami nikuone ukitafuna."

Mimi nilikuwa mkuu wa wachoraji pale. Nilikuwa na watu chini yangu. Nilisimama mbele yao wote, juani, nikauma mkate. Anna alipita nyuma yangu na masharubu yake. "Tafuna vizuri, bwana," akaninong'oneza. "Roho yako imo mdomoni."

Mashine ikaanza kuzunguka. Bhagirathi alikuwa ameketi chini, kunku yake nzima, kubwa, kama alivyoipaka nyumbani. Mkono wa mama ukaingia kutoka upande, na zile alama zake za kijani. Ulipita pajini mara moja, kwa kiganja, haraka. Kilichobaki kilikuwa alama ya wekundu iliyovutwa kuelekea sikioni, na ukapita tena, na hiyo ikaondoka.

Bhagirathi hakulia. Aliinua macho kuutazama mlango, kama alivyoelezwa, akimngoja mtu aingie aseme wamekosea nyumba. Na pale ambapo mlango ungekuwa, nilikuwepo mimi, na shavu limejaa. Alinitazama. Alinitazama shingoni kwanza, kisha mikononi, ndipo usoni. Sijawahi kutazamwa vile, kama mtu aliyekwisha zikwa na amerudi kuulizia chakula. Machozi yalimtoka taratibu bila uso kujikunja. Mimi nilishindwa kumeza, na niliogopa kuacha kutafuna. Inamdar Sahibu alisahau kusema basi, na mpiga picha akaendelea kuzungusha mpaka utepe ukaisha wenyewe.

Huo ndio umilele wa yule mhariri wa Pune. Mkate wa mtama na kitunguu.

Haikuishia hapo, kwa sababu paji lilipokuwa tupu ilibidi wapige sehemu zote za mjane siku hiyo hiyo, kabla jua halijalala. Mama hakuniruhusu kupumzika. Mkate ulipokwisha waliniletea karanga, kisha mapera, kisha miwa. Taya ziliniuma siku mbili. Kila Bhagirathi alipomaliza sehemu moja aligeuka kunitafuta, na kila aliponiona natafuna aliendelea.

Jua lilipoingia miwani, mama alifungua kile kitambaa. Ndani palikuwa na kikopo cha shaba chenye umbo la embe, kikopo cha kunku cha harusi yake mwenyewe. Kwa desturi yetu mjane hagusi kunku, wala hampaki mwenzake. Hata kwenye mikusanyiko ya kina mama wanapopakana, yeye haalikwi. Kila mtu pale alilijua hilo. Mke wa seremala mmoja akasogea kwa upole, akasema, "Lete, Mama, nitampaka mimi."

"Aliyeifuta ndiye atakayeirudisha," mama akajibu.

Unga ulikuwa umeganda kwa miaka. Aliukwaruza kwa ukucha, akaulowesha kwa tone la maji, akamshika Bhagirathi kidevu. Kunku ilikaa kidogo kushoto. Alipomaliza, alibaki akikitazama kidole chake chekundu kama kwamba si chake. Hakukipangusa kwenye sari yake nyeupe. Alinivuta shingo, akakipangusa kwenye shavu langu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mtoto na mikono yake ina masizi.

Picha ilipoonyeshwa mjini, palikuwa na mtu aliyesimama kando ya kitambaa cha kuonyeshea akiwasomea watu maneno yaliyoandikwa kwenye picha. Mama hakumtaka. Alitaka nimsomee mimi, nami nikamsomea sikioni kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ulipotokea mkono wake, mkubwa kama mlango, alijitazama. "Kumbe umezeeka hivyo," akasema. Wanawake upande wao walikuwa wakilia hadharani. Mama akageuka huku na huku. "Hawa wanamlilia nani? Si huyu hapa Dhondu?"

Baadaye picha zilianza kusema, na Bhagirathi alikuwa na sauti. Kwa miaka thelathini alikuwa mama wa watu. Alimzaa mwanamume mmoja, katika picha kadhaa, ambaye alimzidi umri na alimwomba ampunguzie kumbusu pajini kwa kuwa nywele zake hazikuwa zake. Alikuwa mama mkwe mkali, bibi kiziwi, mama wa jambazi, mama wa mtakatifu. Hakuwahi kuwa binti wa dirishani, wala hakuzungumza juu ya hilo. Sisi wenyewe hatukujaliwa mtoto. Lakini akipita sokoni wauza mboga walimwita Mama, na wengine walimnyooshea mikono yao aone kama wamekonda.

Kila palipokuwa na mjane, mama alikuja na kikopo chake. Mama alipofariki, Bhagirathi hakutaka mkono mwingine. Alimfanya mwigizaji mwenzake aguse paji likiwa tayari limepanguswa na mimi, na mimi ndiye niliyeirudisha kunku. Lakini lile sharti la pili, la mimi kula, lilibaki. Mabwana wapya wa sinema, waliosomea ng'ambo, wakimletea kazi walishangaa kwamba hakuuliza kwanza habari za sehemu yake wala malipo. Aliuliza, "Mume wangu atasimama wapi?" Nimekula Pune, nimekula Bombay, nimekula chini ya taa kali mpaka sukari guru ikayeyuka mkononi. Wapiga taa walinizoea. Walinitengea kiti.

Alinitangulia msimu wa mvua wa mwaka juzi. Kifua. Wanawake wa mtaa walikuja wakamvika bangili mpya za kijani na kumpaka kunku kutoka kile kikopo cha embe, na wakasema ana bahati, maana kwetu hakuna heri kwa mwanamke kama kuondoka mumewe yungali hai. Aliyefiwa mbele ya nchi nzima hakuwahi kufiwa. Nadhani mama yangu angeridhika na kazi yake.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua imepumzika kidogo. Jirani yetu alikuwa ametuletea mkate wa mtama na kitunguu, ukapoa mezani. Bhagirathi alikuwa amelala upande wa dirisha, hana nguvu za kuinua kichwa. Alisema nihamishe kiti changu, nikae mbele ya mlango.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikamwambia bado.

Alinitazama shingoni, akanitazama mikononi. "Basi kula, Dhondu. Nikuone."

Nikamega. Mkate ulikuwa mgumu, na meno yangu si yale. Nilitafuna vizuri, polepole, ili aone. Nilipomeza nilimega tena, kwa kuwa macho yake bado yalikuwa kwangu. Niliendelea kula, kipande baada ya kipande, mpaka jirani alipoingia akanishika bega, na hata hapo nilimaliza kwanza kilichokuwa mdomoni.